Kueleza kuvumwani ya ukoko iotayo kwenye mbao: mwongozo kamili kwa wakusanyaji wa Mtwara na Lindi

Vielelezo ninavyoletewa kutoka Mtwara na Lindi huharibika mahali pale pale kila msimu. Bahasha hufika ikiwa na unga mweupe uliokwanguliwa kwa kisu, pamoja na kikaratasi kilichoandikwa "kuvumwani nyeupe, juu ya mti, Rondo". Kwa maneno hayo hakuna mtu, hata awe bingwa, atakayeweza kuitofautisha na nyingine nyingi zinazofanana nayo. Walioikusanya walitembea umbali mrefu na walikuwa na nia njema. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewaambia, kabla hawajatoka nyumbani, ni mambo gani yanayohitajika ili kiumbe hiki kielezeke.

Kuvumwani, ambayo wengine huiita likeni, ni ushirika wa kuvu na mwani, na si ugonjwa wa mti. Ile ya ukoko imeshikana na mahali ilipoota kama ukoko wa wali ulivyoshika sufuria, kwa hiyo haibanduki. Mwongozo huu unahusu zile ziotazo kwenye mbao tupu, yaani mti uliokwisha kupoteza gome: tawi kavu la mkorosho, gogo la mninga, boriti ya uzio. Zinazoota kwenye gome mara nyingi ni spishi tofauti, na kuchanganya makundi haya mawili ni kosa la kwanza ninalokutana nalo.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kutoka

Kwa kazi ya porini unahitaji patasi ya upana wa sentimita 2 iliyonolewa, nyundo, msumeno mdogo, miwani ya kukinga macho, lenzi ya mkono inayokuza mara 10, penseli, daftari, simu yenye kamera na GPS, bahasha za khaki na magazeti ya zamani. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, kwa sababu kielelezo chenye unyevu kikifungwa ndani yake kwenye joto la pwani yetu kitaota ukungu upesi.

Kwa kazi ya mezani unahitaji hadubini inayofika ukuzaji wa mara 400 (ya mara 1000 yenye mafuta ni bora zaidi), vioo vya hadubini na vya kufunikia, nyembe mpya, sindano mbili zilizopachikwa kwenye vijiti, na kipimio cha ndani ya lenzi ya jicho pamoja na kioo cha kipimo cha kukilinganishia. Dawa ni potasiamu hidroksidi ya asilimia 10, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe iliyofunguliwa karibuni, na ayodini ya Lugol. Ongeza taa ya kukagulia noti bandia kama ile wanayotumia wenye maduka, lakini soma kwanza maandishi yake: taa inayofaa ni ya nanomita 365, kwa kuwa ile ya nanomita 395 hutoa zambarau nyingi inayoficha jibu.

Ukikosa hadubini, fanya hatua ya 1 hadi ya 5 vizuri, kisha utafute shule ya sekondari yenye maabara. Kielelezo kilichokauka vyema kinaweza kungoja kwa miaka.

## Hatua ya 1: Pata ruhusa, na muulize mwenye mti

Hifadhi za misitu kama Rondo na Litipo haziingiwi kwa ajili ya kukusanya bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Kwenye ardhi ya kijiji, anza na ofisi ya kijiji. Shambani, anza na mwenye shamba, na usimchukulie kama mlango wa kupitia tu, maana anayajua mambo ambayo wewe hutayaona.

Karibu na Mikindani nilimwamkia mzee mmoja na kumwomba kipande cha tawi kavu la mkorosho wake. Akacheka, akaniambia, "Mjukuu wangu, huo ni ukurutu wa mti tu, lakini chukua." Nilipomuuliza tawi lilikufa lini, alinijibu bila kusita kwamba liliungua moto wa shamba miaka sita nyuma, na kwamba gome lilidondoka mvua mbili baadaye. Aliniambia pia kwamba mikorosho yake hupulizwa salfa kila mwaka kwa ajili ya ubwiriunga. Yote mawili niliyaandika. Umri wa mbao iliyo wazi hukuonyesha kikomo cha umri wa ukoko, na salfa ni kiuakuvu, ilhali sehemu kubwa ya kuvumwani ni kuvu. Mkusanyaji asiyeandika habari za salfa anaweza kudhani spishi fulani haipendi mkorosho, kumbe imeuawa na dawa.

Kuhusu majira, mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Mimi hupendelea kukusanya kuanzia Juni hadi Oktoba, mbao zinapokuwa kavu.

## Hatua ya 2: Kata ukoko pamoja na mbao yake

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Ukoko huu hubebwa pamoja na sufuria yake. Ukikwangua unavunja viungo vya uzazi, unachanganya spishi mbili zilizoota jirani, na unapoteza ushahidi wa jinsi mwili ulivyoishika mbao.

Tazama kwanza nyuzi za mbao zinaelekea wapi. Kwa msumeno, chanja mikato miwili inayokata nyuzi hizo, mmoja kila upande wa sehemu uliyoichagua, kina cha milimita 5 hivi. Kisha laza patasi karibu isujudu juu ya mbao, ufuate nyuzi, na ugonge polepole kutoka mkato mmoja kuelekea mwingine. Kipande kitafumuka chenyewe kikiwa bapa. Kwenye mpingo au mbao nyingine ngumu usijaribu bila msumeno, kwa sababu patasi huteleza na kuelekea kwenye mkono ulioshika tawi.

Kipande cha ukubwa wa kiberiti kinatosha. Hakikisha kina sehemu ya katikati, ambako viungo vya uzazi vimekomaa, na pia sehemu ya ukingo, ambako mara nyingi kuna mstari mweusi au mweupe unaotenganisha ukoko mmoja na mwingine.

Onyo: acha zaidi ya nusu ya kilichopo. Ikiwa ukoko ni mmoja tu mahali pote, piga picha na uondoke. Wala usiguse fremu na milango ya nyumba za kale za Mikindani na Kilwa, hata kama imejaa kuvumwani; hiyo piga picha tu.

Umefaulu ikiwa kipande chako ni kizima, uso wake haukuguswa na patasi, na ukikigeuza unaona mbao safi kwa chini.

## Hatua ya 3: Andika lebo ukiwa bado umesimama hapo

Tumia penseli, kwa sababu wino huyeyuka. Andika namba ya kielelezo, tarehe, jina lako, kijiji na wilaya, viwianishi, mwinuko, aina ya mti, hali ya mbao (ngumu, laini, iliyoungua, iliyooza), kimo kutoka ardhini, upande unaotazama, na kama pana kivuli au jua. Neno "mti" peke yake halitoshi: andika "mbao tupu" au "gome".

Viwianishi viwe na tarakimu nne baada ya nukta, ambazo hukufikisha mahali kwa takriban mita 11. Angalia sana alama ya kutoa kwenye latitudo, kwa kuwa sisi tuko kusini ya ikweta. Mtwara iko karibu na −10.3 na 40.2, ukisahau alama hiyo, kielelezo chako kitahesabiwa kuwa cha Ethiopia, na hilo nimeliona likitokea.

## Hatua ya 4: Kausha, kisha ugandishe

Panga vipande kivulini juu ya magazeti mahali penye upepo kwa siku tatu au nne, ukibadilisha magazeti kila siku. Jua kali hufifisha rangi. Vikikauka, vitie kwenye bahasha na uviweke ndani ya friza kwa wiki moja, vikiwa vimefungwa ili visiingiwe na maji, ili kuua wadudu watobozi wa mbao. Ukiuruka ugandishaji, utafungua bahasha siku moja ukute vumbi la mbao iliyotobolewa.

## Hatua ya 5: Eleza kinachoonekana kwa lenzi

Keti karibu na dirisha mchana. Rangi huelezwa kielelezo kikiwa kikavu, kwa sababu kikilowa ngozi ya juu hupitisha mwanga na mwani wa ndani huonekana, hata ukoko wa kijivu ukaonekana wa kijani. Andika zote mbili, ukitaja ipi ni ya kikavu na ipi ya kilicholowa.

Eleza mwili kwanza: ni mwembamba au mnene, laini, wenye chembechembe, au uliopasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka? Je, umo ndani ya mbao kiasi kwamba hauonekani ila kama doa? Kuna unga juu yake, au vijiti vidogo vinavyovunjika? Hivyo viwili ni njia za kuzaana bila spora (chembe za uzazi za kuvu), na kuwepo au kutokuwepo kwake hutenganisha spishi.

Kwangua sehemu ndogo sana kwa ncha ya sindano. Kikitokea kijani kibichi, mwani ni wa chembe za mviringo. Kikitokea cha manjano au chungwa, huenda ni mwani wa jenasi ya Trentepohlia, ambao umeenea sana kwenye misitu ya joto. Fanya hivi mapema, kwa sababu rangi ya chungwa hufifia kielelezo kikikaa.

Kisha tafuta viungo vya uzazi, ambavyo vina maumbo makuu matatu. Apothesia ni visahani vilivyo wazi. Perithesia ni vichupa vilivyofumbwa, vyenye tundu dogo juu. Lirela ni mistari mirefu iliyopasuka katikati, inayofanana na maandishi yasiyosomeka. Kwa apothesia, jambo la kuuliza ni moja: ukingo wa kisahani una rangi ya mwili au ya kisahani chenyewe? Ukiwa na rangi ya mwili, kwa kawaida una mwani ndani yake. Ukiwa mweusi kama kisahani, kwa kawaida hauna. Jibu hilo moja huondoa jenasi nyingi sana mezani.

Pima visahani visivyopungua 10, uandike kidogo kabisa na kikubwa kabisa.

## Hatua ya 6: Dawa na taa

Potasiamu hidroksidi huunguza ngozi na macho. Yeyusha gramu 10 kwenye maji kidogo, ukitia dawa ndani ya maji na si maji juu ya dawa, kisha ongeza maji hadi mililita 100. Mchanganyiko hupata moto wenyewe. Vaa miwani.

Vunja kipande cha ukubwa wa punje ya mchele na ufanyie majaribio juu ya hicho, ili kielelezo kizima kisichafuke. Weka tone kwa ncha ya kijiti na utazame kwa lenzi kwa dakika nzima, kwa kuwa njano inayogeuka polepole kuwa nyekundu ni jibu tofauti na njano inayobaki njano. Jibu la potasiamu huandikwa K+ rangi ikibadilika, pamoja na rangi yenyewe, au K− isipobadilika. Fanya vivyo hivyo kwa dawa ya nguo, ambayo huandikwa C. Rangi yake ya waridi au nyekundu hupotea baada ya sekunde chache, basi usiondoe jicho. Chupa iliyokaa wazi kwa wiki kadhaa huwa imekwisha nguvu na itakupa jibu la uongo.

Ingia chumba chenye giza uwashe taa ya noti, bila kuielekeza machoni; jibu lake huandikwa UV+ au UV−. Ukoko unaong'aa njano kali mara nyingi una likesanthoni, kemikali inayopatikana katika kuvumwani nyingi za nchi za joto.

Ipo dawa ya nne inayotajwa sana, iitwayo parafenilinidayamini. Ni sumu, na sishauri itumike kwenye maabara ya shule isiyo na kabati la kufyonzea hewa.

## Hatua ya 7: Kata tabaka kwa wembe

Weka tone la maji juu ya kisahani kimoja kilichokomaa na usubiri dakika mbili kilainike. Ukiwa chini ya lenzi, ondoa robo yake ya pembeni kwa wembe mpya, kisha kata vipande vyembamba kama unavyokata kitunguu cha kachumbari, wima, kutoka juu hadi kwenye mbao. Kata 10 au 15; vitatu au vinne vitafaa. Vihamishie kwa sindano kwenye tone la maji juu ya kioo na uvifunike.

Kipande kizuri hupitisha mwanga, na ndani yake unaona matabaka yamepangana. Ukiona weusi mtupu, kipande ni kinene. Wanafunzi wengi hukata tamaa hapa. Mimi mwenyewe nilikata siku nzima kabla ya kupata kipande changu cha kwanza cha kufaa, na tangu hapo sijatumia wembe mmoja kwa zaidi ya visahani viwili.

Eleza kuanzia juu kwenda chini: rangi ya uso wa kisahani, kimo cha tabaka la uzazi, kama lina matone ya mafuta, na rangi ya tabaka lililo chini yake. Kwanza tazama kwenye maji. Kisha weka tone la potasiamu pembeni mwa kioo cha kufunikia, ulivute kwa kipande cha karatasi upande wa pili. Futa mara moja ikimwagika, kwa maana huharibu lenzi. Kwa kipande kingine tumia ayodini, na uandike ni wapi panapogeuka buluu.

## Hatua ya 8: Pima spora

Kabla ya kupima lazima ukilinganishe kipimio cha jicho na kioo cha kipimo, ambacho kina milimita 1 iliyogawanywa mara 100, kila mgawanyo ukiwa mikromita 10. Tuseme kwa ukuzaji wa mara 400 migawanyo 40 ya jicho imelingana na 10 ya kioo: hiyo ni mikromita 100, basi mgawanyo mmoja wa jicho ni mikromita 2.5. Kila lenzi ina hesabu yake. Kukisia ukubwa kutoka kwenye picha ya simu hakukubaliki.

Bonyeza kioo cha kufunikia kwa upande wa nyuma wa penseli ili mifuko, yaani vifuko vidogo vinavyobeba spora, ipasuke. Pima spora zilizokomaa zisizopungua 20, zikiwa kwenye maji, kwa sababu potasiamu huzivimbisha. Andika urefu na upana wa kila moja, idadi ya spora katika mfuko, rangi, na kama zimegawanyika kwa kuta. Spora changa huwadanganya wengi: zile za kahawia huanza zikiwa hazina rangi, na kuta huchelewa kutokea. Ukiona za aina zote mbili kwenye kisahani kimoja, eleza zile zilizoiva.

## Hatua ya 9: Andika maelezo

Fuata mpangilio ule ule kila mara: mwili, mwani, viungo vya uzazi kwa nje, matabaka ya ndani, mifuko na spora, kisha kemikali. Epuka mifano kama "nyeupe kama chokaa". Kitu ambacho hukukiona kiandike kwamba hakikuonekana, badala ya kunyamaza, kwa sababu msomaji hawezi kujua kama ulikitafuta.

Haya ndiyo niliyoyaandika kuhusu tawi la yule mzee:

"Mwili ni ukoko mwembamba wa kijivu kinachoelekea weupe ukiwa mkavu, uliopasuka katika vipande vya mm 0.2–0.5, usio na unga wala vijiti. Ukingoni una mstari mweusi. Mwani ni wa chembe za mviringo, za kijani. Apothesia ni nyingi, nyeusi, za kipenyo cha mm 0.3–0.6, tambarare zikiwa changa na zilizobinuka zikizeeka. Ukingo ni mweusi, hauna mwani. Tabaka la uzazi halina rangi wala mafuta, kimo µm 60–80. La chini yake ni kahawia iliyokolea. Spora ni 8 kwa mfuko, kahawia, zenye vyumba 2, za umbo la yai refu, 11–(13.2)–15 × 5.5–(6.4)–7.5 µm, zimepimwa 30. Pikinidia hazikuonekana. Mwili K−, C−, UV−. Juu ya mbao tupu na ngumu ya tawi la mkorosho lililoungua, kimo mita 1.6, juani."

Namba iliyo kwenye mabano ni wastani, na zilizo pembeni ni ndogo kabisa na kubwa kabisa. µm ni mikromita, na pikinidia ni vichupa vidogo sana vinavyotoa vijispora.

## Hatua ya 10: Linganisha, na usikimbilie jina

Kitabu kikuu cha kuvumwani za Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1988, kinahusu zile zenye majani na zenye umbo la kichaka. Za ukoko hazimo. Kwa hiyo utalazimika kutumia funguo (miongozo ya kutambulisha kwa hatua) za jenasi mojamoja, na mara nyingi utaishia kwenye jenasi tu. Kuandika jenasi kwa uhakika ni kazi halali kabisa.

Ukiamini kwamba umepata spishi mpya, fahamu kwamba jina la kuvumwani ni jina la kuvu wake. Tangu tarehe 1 Januari 2012 maelezo ya spishi mpya hukubalika kwa Kilatini au Kiingereza, na tangu tarehe 1 Januari 2013 jina jipya la kuvu lazima liwe na namba ya usajili kutoka kwenye hazina inayotambuliwa, kama MycoBank au Index Fungorum. Lazima pia utaje kielelezo kimoja cha msingi na hifadhi ya vielelezo kinakotunzwa. Maelezo yako ya Kiswahili yatakuwa msingi wa yote hayo, lakini peke yake hayatahalalisha jina. Wasiliana mapema na hifadhi ya mimea ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Hifadhi ya Taifa ya Mimea iliyoko Arusha, kabla ya kutuma chochote.

Kielelezo changu cha Mikindani kilinikwamisha hapa. Visahani vyeusi visivyo na mwani ukingoni, pamoja na spora za kahawia zenye vyumba viwili, vilinielekeza kwenye Buellia au Amandinea, na kinachozitenganisha ni vijispora vya ndani ya pikinidia, ambazo kipande changu hakikuwa nazo. Nilirudi kwa mzee mwezi uliofuata. Nusu niliyoiacha ilikuwa bado pale pale kwenye tawi, na karibu na ukingo wake palikuwa na vidoa vyeusi vidogo kuliko ncha ya sindano. Ndani ya kimoja vijispora vilikuwa vifupi na vilivyonyooka, na si virefu na vilivyopinda kama vya Amandinea. Kwenye lebo nikafuta "hazikuonekana", nikaandika vipimo vyake na tarehe ya kurudi, na juu ya bahasha nikaongeza Buellia.